Sanduku la Ziwani Lililopanda Mlima

Kila mmoja wenu aliyenikuta sokoni tangu nirudi ameniuliza swali lile lile: "Mama Faida, ni kweli ulienda kutafuta boya kule mulimani?" Ni kweli. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama, kikapu cha dagaa wetu, ndagala, mkononi, na nikimaliza anatokea mwingine, naanza upya. Basi nimekaa chini niandike mara moja, msome wote. Mkinikuta tena, niulizeni habari za watoto.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi ni mtunza vipuri wa kampuni inayopima ziwa letu kujua kama chini yake kuna mafuta na gesi. Mpaka leo hatujapata hata tone. Tulicho nacho ni ofisi ndogo hapa Kalemie na boya moja kubwa la rangi ya chungwa linaloelea mbele ya mji wa Moba. Juu ya boya hilo lilikuwa limefungwa sanduku, nalo la rangi ya chungwa, lenye vioo vya kunasa jua na taa ya usiku. Sanduku linapima mawimbi, upepo, joto na baridi, linajua mahali lilipo, na yote hayo linayatuma kwa setilaiti mpaka Lubumbashi, kwa mkurugenzi wetu Papa Kabamba, anayeyasoma huku anakunywa chai. Ndiyo maana lilinunuliwa: ili mtu asilazimike kusafiri. Naomba mlikumbuke jambo hilo mnaposoma yanayofuata.

Aliyelitafuta sokoni ni mimi. Soko la vifaa vya mafuta ya baharini halina meza wala mwavuli, lakini tabia yake ni ya soko tu. Kisima cha baharini kikikauka, jukwaa lake linabomolewa na kila kitu kinauzwa: pampu, valvu, nyaya, mpaka vitanda walivyolalia wafanyakazi. Bei ya mafuta ikishuka duniani, madalali wanakupigia simu mpaka unazima simu; ikipanda, hata salamu hawakuitikii. Sanduku letu lilitoka kwenye bahari moja ya baridi kule Ulaya, likapita kwa dalali wa Dubai aliyenitumia picha zake likiwa limepakwa mafuta linameremeta, akaapa kwamba ni kama jipya. Zima lilikuwa zima, simsingizii. Ila lilibaki na mawazo ya kwao. Kila alfajiri yenye ubaridi kidogo lilituma onyo la barafu. Barafu, Ziwa Tanganyika! Tulizoea, tukaacha kulisikiliza.

Sasa ilipofika majira ya upepo wa kusini, ule unaopindua mitumbwi, sanduku likaanza kusema kwamba ziwani hakuna mawimbi. Hata kidogo. Kule Lubumbashi wakafurahi, wakasema ziwa limetulia, kazi itakwenda vizuri. Sisi tulikuwa tunayaona mawimbi yanapiga ukuta wa bandari mpaka maji yanaruka barabarani, lakini nani alituuliza? Kisha maonyo ya barafu yakawa mengi, asubuhi na jioni, ndipo mtu mmoja akakumbuka kutazama ramani. Sanduku lilikuwa milimani, nyuma ya mji wa Kirungu.

Papa Kabamba akanipigia. Alikuwa ameshakata shauri: mlinzi wa boya, Papa Kizito, ameiba sanduku na yuko njiani kwenda kuliuza Zambia. "Mama Faida, weye njo unaijua mashine, na ule mutu unamujua. Enda. Sanduku urudishe, na yeye umutie mu mikono ya polisi ya Moba mbele ya kurudi."

Kizito nilimjua, ndiyo. Alikuwa mvuvi zamani, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupiga kasia kila asubuhi mpaka kwenye boya, kufuta mavi ya ndege kwenye vioo vya jua, na kuwafukuza wanaofunga nyavu zao pale. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Kwa hiyo wizi huu uliniuma kama mtu aliyeibiwa na ndugu, na niliondoka nyumbani nikiwa nimeuma meno.

Kalemie, kungoja boti

Boti ya Moba inaondoka asubuhi. Hivyo ndivyo wanavyosema, na kila mtu anajua si kweli, na bado kila mtu anafika asubuhi. Nami nilifika. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, abiria wamekaa, injini imewashwa, imezimwa. Nikamuuliza kapiteni tunangoja nini. Akasema tunangoja matela, yaani magodoro, ya Mama Zaina.

Mama Zaina ni mfanyabiashara mnene, mchangamfu, na ndiye mteja mkubwa wa boti ile, kwa hiyo boti ni kama yake. Magodoro yake yalifika jua likiwa utosini, juu ya mkokoteni, na kila moja lilipopanda botini alilikagua upya kama limebadilika njiani. Halafu akakumbuka kwamba amesahau mito. Mtu akatumwa sokoni. Nikamwambia kapiteni kwamba nina kazi ya haraka ya kampuni. Akanijibu kwa upole, "Mama, haraka haraka haina baraka," nikatamani kumsukuma majini.

Hapo ndipo simu ya setilaiti ilipolia kwa mara ya kwanza. Kampuni ilinipa simu hiyo, nzito kama pasi ya mkaa, ili Papa Kabamba anipate popote. Ilikuwa na sauti ya kuamsha wafu, na kila ilipolia abiria wote walinyamaza wasikie.

"Umefika?" akauliza Papa Kabamba.

"Niko Kalemie, Papa. Tunangojea mito."

"Mito gani? Mito ya maji?"

"Ya kulalia, Papa."

Akakata simu. Tuliondoka mito ilipofika, na Mama Zaina, kwa kuona nimechukia, akanipa nafasi nikae juu ya godoro lake la juu kabisa, ambapo upepo ulinipata vizuri zaidi kuliko abiria wote.

Ziwani

Upepo wa kusini ulikuwa unatupiga usoni. Boti ilipanda wimbi, ikashuka, ikapanda jingine, na mimi juu ya magodoro nilikuwa nafikiria yule bwana wa Lubumbashi aliyesoma kwamba mawimbi hakuna. Ningekuwa na nguvu ningempigia mimi, asikie mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili na tumbo kwa maombi.

Mama Zaina hakuacha kuzungumza. Alipojua nafanya kazi wapi, akanigeukia mzima mzima.

"Eeh! Ninyi njo wenye kile kintu cha pale Moba? Sasa taa mulizima juu ya nini? Watu wa kuvua wanalia."

Nikamwambia taa ile si ya wavuvi, ni ya kuonya boti zisigonge boya. Akacheka mpaka godoro likatikisika. Akanieleza kwamba ndagala hawajui habari ya kuonya. Wao wakiona mwanga wanaukimbilia, na tangu taa yetu iwekwe, mitumbwi ilikuwa inaizunguka na kujaza nyavu. Kumbe Kizito wetu kila asubuhi alikuwa anafukuza samaki wa mji mzima. "Na hawakumuchukia," akasema Mama Zaina. "Ni mutu muzuri, ule. Pole yake."

Nikalisikia lile "pole yake" likanipandisha hasira. Pole ya nini, mtu ameiba mali ya kampuni? Nikamwambia hivyo. Mama Zaina akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema sitaki kula, nataka kufika. Akageuka akalala.

Injini ilizimika mbele ya kijiji kimoja cha wavuvi. Kapiteni alifungua mpira wa mafuta, akaunyonya kwa mdomo, akatema uchafu, akaurudisha, na injini ikakohoa na kunyamaza. Alirudia zoezi hilo mpaka midomo yake ikawa myeusi. Mafuta yalikuwa machafu, chujio limeziba. Nilimwambia nina chujio jipya ofisini, tena la ukubwa huo huo, na wote wakanitazama kwa sababu ofisi ilikuwa Kalemie. Tukasukumwa ufukweni. Tulikula bukari, ugali wa muhogo, na ndagala wabichi waliokaangwa na mchanga kidogo, na lazima niseme ukweli hata katika hasira: walikuwa watamu. Simu ikalia nikiwa na tonge mdomoni. Papa Kabamba alitaka kujua kwa nini mimi mwenyewe sasa sisogei. Kumbe ile simu nayo ilikuwa inamwonyesha nilipo.

Tulilala pale, kila mtu na mzigo wake. Asubuhi injini iliwaka mara ya kwanza tu walipoigusa, na kapiteni akasema, "Muliona? Ilikuwa inapumuzika."

Moba-Port, penye nyumba iliyofungwa

Nyumba ya Kizito iko karibu na maji, nyuma ya mahali wanapoanika ndagala. Nilifika nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na mtumbwi wake umevutwa juu ya mchanga, umegeuzwa chini juu. Nikasema moyoni, amekwisha toroka. Jirani yake, Mama Agnesi, akatoka na kiti mkononi hata kabla sijabisha hodi.

"Karibu, mama. Ikala kwanza."

"Sikai. Papa Kizito iko wapi?"

"Ikala, unywe maji. Umetoka mbali."

"Mama, niko na haraka. Niambie tu fasi aliko."

Akakiweka kiti mbele yangu, akakifuta kwa kitenge chake. Sikukaa. Mume wake akatoka ndani, akavua kofia, akanisalimu kwa heshima, naye akaniomba nikae. Sikukaa. Akaja jirani wa pili, akasema, "Muikale basi, tuzungumuze," nami nikasema kama hawataki kunijibu nitaenda kwa polisi wanijibu wao. Nilikuwa nimeshaelewa mchezo wao, au nilidhani nimeelewa: wananichelewesha ili mwenzao apate muda wa kufika mpakani.

Wakatazamana. Mwisho yule mume akasema, akitazama chini, "Alipanda kwao, kule milimani. Na bisikileti. Kile kintu chenu alikibeba, alikifunga muzuri na kitenge."

Nikampigia Papa Kabamba hapo hapo, nikamwambia mashahidi wapo. Akanisifu. Nilipogeuka kuondoka, Mama Agnesi alikuwa bado ameshika kiti, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikiita dharau. Sikuwa na muda wa kutazama vizuri.

Juu ya pikipiki hadi Kirungu

Kijana wa pikipiki aliitwa Deo. Nilipomwambia ninakokwenda, hakunipigia bei ya mgeni kama nilivyotarajia. Akaitikia tu kwa kichwa.

"Kwa Papa Kizito? Siku hizi zote nabeba watu wa kule. Watu mingi sana."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nikaona mambo yote wazi: ameliweka sanduku uani, watu wanamiminika kulitazama, labda wanalipa kiingilio. Mashine iliyopimwa na wataalamu, iliyovuka bahari mbili, imefanywa sinema ya kijijini! Nikamwambia Deo aongeze mwendo.

Akaongeza, mnyororo ukakatika. Barabara ya kupanda Kirungu ina mawe yanayotafuta pikipiki. Deo akaiegemeza kwenye ukingo, akatafuta jiwe la kugongea, akaanza kazi bila kulalamika, na kutolalamika kwake kukaniudhi zaidi. Kadiri tulivyozidi kupanda, baridi ilikuwa inaingia kwenye mifupa. Sisi wa Kalemie tunajua jasho. Baridi ya milima hii ya Marungu katika kiangazi ni habari nyingine. Deo alinipa koti lake linalonuka petroli, nami nililipokea bila aibu. Nikakumbuka yale maonyo ya barafu na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba sanduku halikuwa jinga sana.

Tulipofika Kirungu, badala ya kuendelea, akasimama dukani. Akanunua chumvi na sukari, akavifunga kwenye mfuko, akavitundika kwenye usukani. Kisha akaniuliza, "Mama, weye haubebe kintu?"

"Nibebe nini? Naenda kuchukua, siendi kupeleka."

Akanitazama kidogo. "Basi, mama," akasema, akaniambia nipande.

Nilidhani anataka nimnunulie soda. Hiyo tabia ya vijana wa pikipiki naijua tangu Kalemie, nikajifanya sikuelewa.

Kwa miguu, nyuma ya Kirungu

Njia ya pikipiki iliishia kwenye kijito. Deo akanikabidhi mfuko wake wa chumvi na sukari, akasema niutoe kwa jina lake, yeye anarudi kuchukua watu wengine. Sasa nilikuwa na mkoba wangu, spana zangu, simu ya Papa Kabamba, na mzigo wa Deo juu yake. Goti langu la kushoto, ambalo mnalijua nyote kwa kuwa huwa nawasimulia habari zake, likaanza kuimba.

Ule si mlima mmoja. Unapanda, unasema nimefika, kumbe ulichofika ni mgongo wa kilima, na mbele unashuka bure yale yote uliyoyapanda. Mashamba ya maharagi, kisha mawe, kisha mashamba tena. Simu ililia kwenye kila mgongo. Papa Kabamba alikuwa ananitazama kwenye ramani yake na kunielekeza: "Enda kuume, Mama Faida, uko unapotea." Kuume kulikuwa na bonde ambalo hata mbuzi angelifikiria mara mbili.

Nikawafikia wanawake wawili waliojifunga vitambaa vichwani, mmoja amebeba kuni, mwingine kikapu cha unga. Walikuwa wanakwenda taratibu, bila mazungumzo. Nikawasalimu, nikawauliza kama ni njia ya kwa Kizito.

"Njo yenyewe," akasema wa kuni. "Tuko tunaenda kule. Mungoje tuingie pamoja, mama. Peke yako si muzuri."

Nikawaza: hata hawa ni wa kulinda mwizi. Nikawashukuru, nikawapita. Nikawasikia nyuma yangu wananiita tena, sikugeuka. Nilikuwa natayarisha maneno. Tangu Kalemie nilikuwa nayatayarisha, na sasa yalikuwa yamenijaa mpaka kooni.

Uani kwa kina Kizito

Nikaliona sanduku kabla sijaona kitu kingine. Rangi ile ya chungwa haifichiki. Lilikuwa katikati ya ua, juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, vioo vimeelekezwa kwenye jua, na watu wamelizunguka, wengi kama nilivyoambiwa. Moto ulikuwa unafuka pembeni. Sikuona zaidi ya hapo. Njaa, goti, mito ya Mama Zaina, mnyororo, simu, vyote vilinitoka kwa pamoja.

"Kizito!" nikapiga kelele. "Kizito! Umenifanya nini? Nitasema nini kwa watu, mimi? Nitarudi na uso gani? Kizito, aaah!"

Nikatupa mkoba chini. Nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

Wanawake wanne wakanikimbilia. Nilidhani wanakuja kunipiga. Mmoja akanishika kiunoni, mwingine akanishika mikono, na mmoja, bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe, akanilaza kichwa begani kwake na kuanza kulia kwa sauti kubwa kuliko yangu. "Lia, mama," wakaniambia. "Lia. Umefanya muzuri kukuya. Lia tu." Wakanisogeza mpaka kwenye mkeka, wakaniketisha kati yao, wakanifunga kitambaa kichwani. Mtu akauokota mfuko wa chumvi na sukari, akaupeleka jikoni akisema mgeni wa Kalemie hakuja mikono mitupu.

Ndipo nikaona wanaume wamekaa chini, upande wao, wamenyamaza. Nikaona, mwisho wa ua, udongo mwekundu uliofukuliwa karibuni na msalaba wa mbao. Nikamwona Kizito, amenyolewa nywele zote, amevaa shati lile la kazi lenye jina la kampuni, limefuliwa na kupigwa pasi.

Nyinyi ni watu wa huku, mlishaelewa tangu Moba-Port. Habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama. Wote wale, na viti vyao na maji yao, walikuwa wanajaribu kuniambia kwamba mama yake Kizito amefariki, nami nikawakatalia kukaa. Mama Zaina alikuwa anataka kunilisha kwanza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Yule bibi wa nywele nyeupe aliitwa Mama Koleta, mdogo wa marehemu. Hakuniruhusu niseme habari za kazi mpaka nile. Nikala maharagi na viazi. Kizito akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishukuru kwa kuja. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Lakini mumekawia, Mama Faida. Nilikuwa nawangojea."

"Ulikuwa unatungojea?"

"Siku ya kufunga sanduku, ule fundi alisema nini? Alisema, humu ndani njo macho ya wakubwa, usiku na mchana wanakuona. Usiliache peke yake hata siku moja. Na wewe ulikuwa hapo."

Nilikuwepo. Nilikuwa namshikia fundi spana.

"Mama alipofariki," akaendelea, "nilipiga simu ya biro, kule ofisi yenu, haikushika. Nikasema, haina neno. Sanduku litawaonyesha. Nikalifungua, nikapanda nalo, usiku sikulala nalichunga. Nililiweka pale mbele ya watu, wakubwa waone kaburi, waone iko namna gani. Kila saa naligeuzia jua lisizimike. Nikangojea. Leo watatuma neno. Kesho watatuma neno." Akafuta uso kwa kiganja. "Ndugu zangu wakaniuliza, hawa watu wako wenye kukuona usiku na mchana, hata pole hawana?"

Nikamwambia ukweli, na ulikuwa mchungu kuutoa. Kwamba sanduku halina jicho. Linajua baridi, linajua upepo, linajua mahali lilipo, basi.

"Walijua niko huku?"

"Walijua."

"Na hakuna mwenye kuuliza juu ya nini?"

"Wameuliza, Papa Kizito. Njo maana nimekuya."

"Apana," akasema. "Wewe umekuya juu ya sanduku."

Na hapo, kwa ile sauti yake ya kuamsha wafu, simu ikalia. Watu wote wa kilio wakageuka. Nikainuka haraka niende nyuma ya nyumba, lakini Mama Koleta akanishika sketi.

"Ikala. Mwenye kuita mu kilio, anaita watu wote. Aseme hapa."

Nilimwambia ni mambo ya kazi. Hakuachia sketi. Niliwaza uongo wa aina nyingi kwa muda mfupi, nikakosa hata mmoja unaofaa. Nikaiweka simu juu ya mkeka, nikafungua sauti, na kabla sijatamka neno Papa Kabamba akauliza, kwa nguvu, akasikika mpaka kaburini:

"Mama Faida! Ule mwizi umemukamata?"

Kizito alitazama shati lake, pale penye jina la kampuni, akaanza kulifungua vifungo. Mimi nilitamani ardhi inimeze, pamoja na Papa Kabamba na mashine zake zote.

Mama Koleta ndiye aliyeinamia simu. Aliongea nayo kama anaongea na mtu aliyesimama mlangoni.

"Baba, ninyi njo nani sijui. Hapa iko kilio. Mutoto huyu amezika mama yake. Mutu akiingia mu kilio, kwanza anatoa pole. Maneno ingine, nyuma."

Sauti ya setilaiti huchelewa kidogo njiani. Safari hii ilichelewa zaidi.

"Kilio?" akasema Papa Kabamba. "Mama Faida, njo kweli?"

"Kweli, Papa," nikasema. "Amezika mama yake. Sanduku liko hapa mbele ya watu wote, zima. Alilileta ili muone. Alikuwa anafikiri munaona."

Huyu Papa Kabamba ni mtoto wa mji wa Kongolo, amesoma, amezunguka, lakini mama aliyemzaa naye alikuwa mama. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mkurugenzi.

"Papa Kizito iko hapo karibu?"

"Niko," akasema Kizito, mkono bado kwenye kifungo.

"Papa Kizito. Pole. Pole sana, na watu wote wa hapo, poleni. Sikujua."

Wazee upande wa wanaume wakaitikia, "Asante." Mama Koleta akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea kitu na kukipima. Kisha akainama tena.

"Sasa umetoa pole, baba, umeikala na sisi mu mukeka. Ule umemupa pole, utamutumia polisi?"

"Apana, mama," akasema Papa Kabamba haraka. "Polisi hakuna. Amalize kilio chake. Akimaliza, arudishe sanduku mu maji, yeye mwenyewe, na kazi yake inabakia kazi yake."

Watu wakapumua. Nami nikanyoosha mkono nikate simu, maana nilimjua bwana yule: baada ya hapo angeuliza habari za betri, kisha vioo, kisha lini. Nilikuwa nimeshakigusa kifungo.

"Mungoje," akasema. "Papa Kizito, mama aliitwa nani?"

Mkono wangu ukabaki pale pale. Nilikuwa nimepanda milima yote ile, nimebembelezwa na watu, nimekula chakula cha kilio chake, na hata mimi sikuwa nimeuliza.

Kizito akakaa chini kwenye mkeka, karibu na simu. "Adelaida," akasema. "Mama Adelaida Mwange."

"Mama Adelaida Mwange," akarudia Papa Kabamba polepole, kule Lubumbashi, na Mama Koleta aliposikia jina la dada yake linatoka kwenye kile chombo akaanza kulia upya, na wanawake wote pamoja naye, nami nikalia nao.